Geti la rimoti shambani likigoma: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Geti la umeme likigoma, karibu kila mtu hukimbilia kulaumu mota au bodi (ile kadi ya umeme inayoiamuru mota), kwa sababu hivyo ndivyo vitu vya gharama na ndivyo visivyoeleweka. Katika mashamba ya Dodoma, kuanzia Hombolo na Makutupora hadi Bahi na Chamwino, nimeona kinyume chake: mara nyingi mota ni nzima, na kinachougua ni geti lenyewe, udongo lililosimama juu yake, au waya unaolipelekea umeme. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na geti, si na mota. Pale ambapo tatizo linatokana na kifaa kilichochaguliwa vibaya tangu dukani nitasema hivyo waziwazi, maana uchaguzi mbaya hautibiwi kwa bisibisi.

Jaribio la mkono

Zima swichi ya umeme wa geti, chukua ufunguo wa kuachia mota, yaani ule unaoitenganisha mota na geti umeme unapokatika, kisha lisukume geti kwa mkono mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Geti zima huenda kwa nguvu ileile njia nzima, na ukiliachia katikati hutulia lilipo. Likihitaji bega, likikwama mahali fulani, au likianza kutembea lenyewe baada ya kuachiwa, kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomelea, na hata ukifunga mota mpya ya bei kubwa itaugua ugonjwa uleule baada ya wiki chache.

Somo hili nililipia. Shamba langu la zabibu liko pembezoni mwa mbuga, kwenye ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Geti la kuteleza kwenye reli lilifungwa mwezi Septemba, ardhi ikiwa ngumu kama tofali la kuchoma, likafanya kazi vizuri hadi mvua za Januari zilipokolea. Hapo likaanza kufika katikati na kurudi lilikotoka. Fundi wa kwanza alibadilisha bodi, geti likaenda siku mbili, likarudia. Aliyegundua kasoro ni mzee jirani, mfugaji, ambaye kwake geti ni miiba ya mgunga iliyokokotwa mlangoni pa zizi. Alisimama, akaitazama nguzo, akaniuliza, “Mwanangu, mbona nguzo yako imelala?” Nikafunga jiwe kwenye uzi na kuushusha kutoka juu ya nguzo, kule chini uzi ulikuwa umeachana na chuma kwa upana wa vidole vitatu.

Tiba haikuwa ya umeme hata kidogo. Tulichimbua nguzo, tukaondoa udongo mweusi kuizunguka, tukajaza moramu, yaani udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha tukamwaga zege la nguzo na la reli likiwa limeungwa kwa nondo, ili ardhi ikinyanyuka zege linyanyuke lote kwa pamoja badala ya nguzo kwenda upande wake na reli upande wake. Penye udongo mwekundu au kichanga kilichoshikamana usumbufu huu ni mdogo, lakini mwenye shamba la mbuga asikubali fundi amchimbie shimo la futi moja kwa sababu tu wakati wa kiangazi ardhi inaonekana imara.

Geti la reli likiwa zito kusukuma huku nguzo zimesimama wima, tazama magurudumu. Mchanga wetu huingia kwenye beringi na kuzisaga, na gurudumu lililokwama huburuzwa juu ya reli hadi linapata ubapa upande mmoja. Fagia reli, badilisha beringi, na usipake reli grisi, kwa sababu grisi na vumbi zikikutana hutengeneza msasa. Kisha kagua nafasi kati ya gia ya mota na reli ya meno iliyofungwa kwenye geti: iwe milimita 1 hadi 2, na kadi mbili za benki zilizobanwa pamoja ni kipimo kizuri kabisa. Nafasi ikipotea, uzito wa geti hukaa juu ya gia na kuivunja ekseli ya mota taratibu. Ikizidi, meno hurukana kwa mlio wa kukereketa ambao watu wengi huudhania kuwa gia imekwisha.

Hakuna taa, hakuna sauti

Geti likipita jaribio la mkono na bado likawa kimya kabisa, anza na mambo ya aibu: uniti za LUKU, swichi ya mzunguko, fyuzi ya bodi. Kisha pima volti pale pale kwenye vituo vya bodi, si kwenye soketi ya nyumba, kwa kuwa kati ya soketi na geti kuna waya uliopita chini ya ardhi, penye panya, jembe na unyevu. Kazi ya kupima umeme wa volti 230 ifanywe na fundi umeme. Mwenye shamba anaweza kupima mwenyewe upande wa betri, ambako hatari ni ndogo.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetenganishwa na chaja na kupumzishwa kwa saa kadhaa, husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.0, imebakiwa na takriban robo ya chaji. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwa sababu betri iliyozeeka inaweza kukudanganya ikiwa imetulia. Weka vipimio vya mita kwenye betri na mwambie mtu abonyeze rimoti: mfumo wa volti 24 ukiporomoka hadi chini ya 21 mara tu mota inapoanza, betri imechoka. Mifumo hiyo hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, na kwa kawaida moja hufa kabla ya mwenzake. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, vinginevyo ile nzee itaiua mpya. Joto ndilo adui yake mkubwa: kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu, kwa hiyo sanduku la chuma lililopakwa rangi nyeusi na kukaa juani kutwa si mahali pa kuiweka.

Geti linafanya kazi mchana na kufa alfajiri

Hii ni dalili ya mfumo wa sola uliopigiwa hesabu vibaya, na inastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu wauzaji wengi huihesabu kinyume. Muuzaji atakuuliza unafungua geti mara ngapi kwa siku. Swali hilo ni la pili kwa umuhimu. La kwanza ni bodi inakula kiasi gani wakati geti limesimama.

Chukua mfano. Mota ya volti 24 inayovuta ampea 5 kwa sekunde 20 hutumia karibu wati-saa 0.7, hivyo kufungua na kufunga ni kama 1.3, na safari kumi kwa siku ni wati-saa 13. Sasa bodi pamoja na risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) na macho ya sensa (yanayoangalia kama kuna kitu njiani), ikiwa vinavuta miliampea 50 tu lakini saa zote 24, hutumia wati-saa 29 hivi. Kungoja kunakula zaidi ya mara mbili ya kufanya kazi. Jumla ni 42 kwa siku, wakati betri mbili za ampea-saa 7 zina wati-saa 168, na ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu yake, yaani 84. Hiyo ni akiba ya siku mbili bila jua.

Paneli ya wati 20 juani kwetu ingetosha kwenye karatasi. Lakini kuanzia Julai hadi Oktoba vumbi huilalia kila siku na hakuna mvua ya kuiosha, na kati ya Desemba na Machi kunakuwa na siku za mawingu zinazofuatana. Mimi hushauri paneli mbili za wati 20 zilizounganishwa kwa mfululizo. Zielekezwe kaskazini, zikiwa zimeinama nyuzi 10 hadi 15. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwinamo huo mdogo wa ziada ni kwa ajili ya kumwaga vumbi na maji. Futa kioo kwa kitambaa kilicholowa asubuhi, kabla hakijapata moto. Hakikisha pia kwamba kivuli cha mbuyu au cha nguzo ya geti hakipiti juu ya paneli saa za mchana, kwani kivuli chembamba kama fimbo kinaweza kupunguza umeme kwa kiwango kikubwa kuliko ukubwa wake.

Ukiwa bado hujanunua, omba kuonyeshwa kwenye kijitabu cha mota kiwango cha umeme kinachotumika geti likiwa limetulia. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo asikuuzie mfumo wa sola.

Mota inanguruma lakini haigeuki

Kwenye mota ya umeme wa kawaida wa volti 230, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo kidogo cha mviringo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Kikiwa kimevimba au kupasuka, kibadilishwe kwa chenye kiwango kilekile kilichoandikwa ubavuni. Fundi na akiondoe chaji kwanza, maana kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Kapasita ikiwa nzima, angalia saa ambayo tatizo hutokea. Ukisikia kwamba geti linakataa kuanzia saa moja hadi saa nne usiku na asubuhi linaamka lenyewe, pima volti saa hizo hizo. Vijiji vilivyo mwishoni mwa laini hushuka umeme wakati kila nyumba imewasha, na nguvu ya kugeuza ya mota ya aina hii hushuka kwa kipeo cha pili cha volti: umeme ukiwa 180 badala ya 230, nguvu hubaki asilimia 61 hivi. Geti lililokuwa linaenda kwa shida mchana haliwezi kwenda usiku. Stabilaiza husaidia, lakini kwa shamba la mwisho wa laini mimi ningechagua tangu mwanzo mota ya volti 24 yenye betri, kwa kuwa nguvu ya kuanza hutoka kwenye betri na umeme wa laini unabaki na kazi ya kuchaji polepole tu.

Mota ya volti 24 nayo ina ugonjwa wake, nao ni waya mrefu. Nyumba za shambani hukaa mbali na geti. Tuseme ni mita 60, na fundi ameweka betri na transfoma ndani ya nyumba ili zisiibwe, kisha akavuta waya wa milimita za mraba 1.5 hadi kwenye mota. Umeme unakwenda na kurudi, yaani mita 120, na waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa karibu omu 12 kwa kilomita. Mota ikivuta ampea 5, zaidi ya volti 7 zinapotelea njiani na mota inapata 17. Waya wa milimita za mraba 4 ungepunguza hasara hadi chini ya volti 3, ila bei yake inauma. Njia bora ni kupeleka volti 230 hadi getini, ndani ya bomba lililofukiwa na lenye swichi yake ya usalama, kisha transfoma na betri vikae palepale kwenye nguzo ndani ya kisanduku chenye kufuli. Kwenye volti 230 ule waya mwembamba hautaonja hasara ya kuonekana.

Linafunguka, halifungi

Dalili hii ina chanzo kimoja mara nyingi kiasi kwamba fundi mzoefu hubeba kitambaa kabla ya mita: macho ya sensa. Bodi inakataa kufunga kwa sababu inaamini kuna kitu kimesimama njiani. Futa vumbi, ondoa utando wa buibui (buibui wanavipenda visanduku hivyo kwa sababu vina ujoto na wadudu), kisha hakikisha macho yote mawili yanatazamana na hayakugongwa na mbuzi.

Kama tatizo hutokea saa za jua la asubuhi au la jioni tu, geti lako huenda linatazama kaskazini au kusini, na macho yako yamepangwa mashariki kwa magharibi. Jua likiwa chini huingia moja kwa moja kwenye jicho linalopokea na kulipofusha. Badilisha nafasi ya macho hayo, lile la kutuma likae upande wa pili, au livalishe linalopokea kikofia cha bomba la plastiki. Usikubali fundi aunganishe waya kwa mkato ili bodi isahau kuwa macho yapo. Geti zito halijui tofauti kati ya upepo na mtoto.

Linafika katikati na kurudi

Ikiwa jaribio la mkono limepita na bado geti linarudi, uliza kuhusu upepo. Geti la mbawa mbili lililozibwa kwa bati zima ndilo chaguo linalopendwa na ndilo ninalolipinga zaidi kwa eneo hili. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, ambao si wa ajabu kunapovuma kiangazi, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 14. Ubawa wa mita 2 kwa mita 1.8 unasukumwa kwa nguvu ya kilo 50, tena nguvu hiyo ikiwa katikati ya ubawa, mita moja kutoka kwenye bawaba, wakati mkono wa mota umeshika pengine sentimita 45 tu kutoka hapo. Mkono huo unabeba zaidi ya kilo 110 kabla hata ya kuanza kusogeza chochote. Bodi inaona mzigo, inadhani imegonga mtu, inarudisha geti, na inafanya vyema.

Jibu la haraka la mafundi ni kuongeza kiwango cha nguvu kwenye bodi. Hapo geti litafunga kwenye upepo, na litafunga pia juu ya ndama. Afadhali bati la nusu ya juu litolewe na kuwekwa nondo au wavu ili upepo upite. Kwa anayeanza upya, geti la reli halisukumwi na upepo upande linakoelekea, hivyo linahimili chamchela za Agosti vizuri zaidi, ilimradi kuna nafasi ya ukuta au fensi ya kulipokea likifunguka na njia isiwe na mwinuko. Wakati wa kuchagua ukubwa wa mota, kadiria uzito wa geti: bati la chuma la milimita 1.5 lina karibu kilo 12 kwa mita ya mraba, ongeza fremu, kisha nunua mota ya mara moja na nusu ya jumla hiyo. Namba iliyoandikwa kwenye kasha inachukulia kuwa reli ni safi na imenyooka, jambo ambalo hapa ni kweli kwa wiki ya kwanza.

Geti likipitiliza mwisho au kuacha mwanya, kilichohama ni swichi ya kikomo, ile inayoiambia mota isimame geti likifika mwisho, au sumaku yake. Irudishwe mahali pake na kukazwa.

Rimoti inafanya kazi ukikaribia tu

Badilisha kwanza betri ya rimoti. Isipotosha, tazama antena ya risiva. Rimoti nyingi za mageti hutumia masafa ya megahezi 433.92, na antena inayofaa ni waya ulionyooka wa sentimita 17 hivi. Mara nyingi nimeukuta umekunjwa na kubanwa ndani ya kisanduku cha chuma, mahali ambapo mawimbi hayaingii. Utoe nje kupitia tundu la chini la kisanduku, uusimamishe mbali na chuma, na umbali utaongezeka kutoka hatua tano hadi kumwezesha dereva kufungua akiwa bado barabarani. Hilo lina maana yake mashambani: geti lisiruhusiwe kufungukia upande wa barabara, na liwekwe ndani kiasi cha lori kuweza kusimama mbele yake bila mkia kubaki njiani. Kwa barabara kuu na za mkoa kumbuka pia hifadhi ya barabara, mita 30 kutoka katikati.

Linafunguka lenyewe, au bodi imeungua

Fungua kifuniko taratibu. Mara ya mwisho nilipoitwa kwa dalili hii, mjusi mdogo alikuwa amelala juu ya vituo viwili vya bodi, amekauka, mkia ukiwa umegusa waya wa kitufe cha kufungulia. Kila umande ulipomlowesha, geti lilifunguka saa kumi usiku na mwenye shamba akaamini anaingiliwa. Sisimizi hufanya kazi hiyohiyo kwa mayai yao. Ziba kila tundu la waya kwa silikoni, acha kitundu kidogo cha kupumulia chenye wavu upande wa chini, na kagua kabla mvua hazijaanza.

Kama ndani ni safi, rimoti za zamani zenye namba isiyobadilika zinaweza kufanana na ya jirani. Badilisha risiva kwa aina ambayo namba yake hubadilika kila unapobonyeza.

Bodi iliyoungua baada ya ngurumo si lazima iwe imepigwa na radi yenyewe. Waya mrefu kati ya nyumba na geti huokota mshtuko wa radi iliyopiga mbali. Weka kifaa cha kukinga mshtuko huo pande zote mbili za waya, na uwe na eathi ya kweli: fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini hadi kufikia udongo wenye unyevu, kwa sababu ardhi kavu ya Novemba haipitishi umeme vizuri, na mvua za kwanza zenye radi huja ikiwa bado kavu chini.

Mwisho, ule ufunguo wa kuachia mota. Kwangu ulikuwa ukining'inia jikoni, hadi usiku mmoja betri ilipokufa nikiwa nje ya geti na hakuna aliyebaki ndani. Nilipanda juu ya geti saa tano usiku, nikiwa na kiatu kimoja. Sasa ufunguo mmoja uko jikoni, na wa pili uko kwenye shada la funguo za gari pamoja na wa geti dogo la waenda kwa miguu.